Fimbo Moja kwa Watu Wawili

Karatu, masika ya 2002

Ijumaa, 1 Machi

Mvua ya kwanza imepiga bati leo alasiri, na kama kila mwaka nafungua daftari jipya. La mwaka jana lililiwa na panya kuanzia Aprili kwenda mbele. Sikusikitika sana, maana Aprili ile tulicheza vibaya.

Naanza na msiba mdogo: draiva yetu imepasuka. Draiva ni ile fimbo ndefu kuliko zote, ya kupigia pigo la kwanza la shimo. Jumamosi iliyopita mume wangu Sebastian aliinua, akashusha, nikasikia mlio wa kuni kavu. Mpira uliingia kwenye kahawa, na kichwa cha mbao kikabaki na ufa toka usoni hadi kisogoni. Tumekuwa nayo tangu binti yetu Clara yuko darasa la kwanza. Sasa Clara ni nesi Moshi na ana mchumba ambaye Sebastian hampendi.

Asiyecheza gofu atauliza kwa nini mume na mke wasinunue mbili, kila mtu na yake. Hapana. Begi letu ni moja. Zamani lilikuwa moja kwa sababu fimbo hazikupatikana hata ukiwa na hela mkononi. Siku hizi ni moja kwa sababu ndivyo tulivyo. Halafu sisi ni wachezaji wa jozi. Katika jozi mnapiga mpira mmoja kwa zamu, wewe pigo hili, mwenzako linalofuata. Mimi hufungua shimo la kwanza, la tatu, la tano na kuendelea hivyo. Yeye la pili, la nne, la sita. Kwa hiyo draiva lazima itukubali wote, mimi mfupi wa Kibosho na yeye mrefu wa Mbulumbulu.

Uwanja wetu ni mashimo tisa tu katikati ya shamba la kahawa. Zile nyasi laini za kwenye televisheni hatuna. Shimo lenyewe limezungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, tunauita brauni, na wanachama tuna zamu ya kuusawazisha kwa kuburuta gunia. Kombe la Masika huchezwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, wageni wakija toka Arusha na Moshi. Klabu hutoa jozi mbili. Sisi tumelichukua mara nne.

Na shimo la tisa lina korongo. Mpira uruke toka ukingo hadi ukingo, la sivyo umezikwa. Siku ya kombe uwanja unazungukwa mara mbili, kwa hiyo mzunguko wa kwanza korongo nalivuka mimi, na mzunguko wa pili, likihesabiwa shimo la kumi na nane, analivuka Sebastian. Ndiyo maana draiva si jambo la mzaha.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Tumefika kanisani na matope hadi magotini. Sebastian kanifunga zipu ya gauni bila kuombwa. Siku hizi kapatwa na upendo wa ghafla.

Jumatano, 6 Machi

Watu wa Qurus na Mbulumbulu wamejaa dukani kwangu, wote wanataka mbegu siku moja kana kwamba mvua imewapigia simu. Bega la kulia linauma kidogo. Baridi hii.

Jumamosi, 9 Machi

Tumecheza bila draiva, kwa fimbo ya mbao namba tatu. Ardhi imelowa, mpira ukianguka unaganda hapo hapo, haubiringiki hata hatua moja.

Sebastian anapiga mfupi siku hizi. Akimaliza anashika kiuno na kusema, "Mgongo huu, Mama Clara." Miaka thelathini alilala chini ya magari ya watalii huko juu Ngorongoro akifunga nati, mgongo hakuutaja hata mara moja. Sasa kastaafu, ana ngano yake na ng'ombe watatu, ndiyo mgongo unaamka. Nyani haoni kundule: anajiona bado yule kijana aliyekuwa akivuka korongo huku anaongea.

Mimi mpira wangu wa shimo la tisa uliingia korongoni, lakini ulikuwa mpira wa zamani.

Jumanne, 12 Machi

Wilibrodi kaja dukani. Ni katibu wa klabu, mwalimu mstaafu, mtu wa kuanza habari kwa mbali. Alikaa juu ya magunia ya mbolea, akanywa chai, akauliza hali ya Clara, akauliza bei ya mbegu, akasifu mvua. Nikajua kuna jambo.

"Mama Clara, hivi mnaonaje mwaka huu tukizichanganya jozi kidogo?"

"Kuzichanganya vipi, mwalimu?"

"Si unamwona huyu Yohani? Kijana anapiga mbali sana, lakini hana utulivu. Akipata mtu mzima wa kumtuliza, wale wa Arusha hatuwaogopi. Na yule atakayebaki, si vibaya akapumzika mwaka mmoja. Tumetoka mbali."

Yohani ni meneja wa kampuni ya utalii, kahamia hapa mwaka jana toka Arusha. Kweli anapiga mbali.

Nilimwambia aniachie nifikirie. Majina yanatakiwa mwisho wa Mei. Akashukuru mara tatu, akaondoka bila kumaliza chai. Mtu mzima wa kumtuliza. Ni vizuri mtu kutambuliwa, hata kama umri umeenda. Ila nimwambieje Sebastian kwamba yeye ndiye wa kupumzika? Nimepika makande kwa mawazo hadi yakaungua.

Alhamisi, 14 Machi

Selina, anayenisaidia dukani, kapanga rafu upya bila kuniuliza. Dawa za mbegu zinazotoka kila siku kazishusha chini, misumari kaipeleka juu. Nikamuuliza duka ni la nani. Kasema, "La mama." Basi.

Jumapili, 17 Machi

Sebastian karudi Arusha na draiva mbili. Thomasi, yule fundi wa fimbo, kamwazima zote tujaribu. Mwisho wa Mei tunabaki na moja, nyingine inarudi.

Ya kwanza ni nyeusi, ina kichwa kidogo, uso wake umelala digrii tisa tu, na mpini wake mgumu. Mpira wake hutoka chini chini kwa kasi, kisha unabiringika. Ni fimbo ya kiangazi na ya mwenye mikono. Ya pili ni ya kijivu, kichwa kikubwa kama boga la kwanza, digrii kumi na mbili, mpini laini. Hiyo inaunyanyua mpira hata usipojitutumua.

Kabla sijavua kanga ya jikoni Sebastian kashasema, "Mimi naona hii ya kijivu."

"Hiyo ni ya akina mama."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mchezaji."

Akacheka, kisha akashika kiuno. Anasema Thomasi kamwambia hivi: mchezaji mpya huuliza fimbo gani inapiga mbali, mzoefu huuliza fimbo ikikosea inakosea vipi. Maneno mazuri. Lakini nimeona aibu kwa niaba yake. Watu wataona mzee Sebastian kashika kijivu, na hapo hapo watajua kwamba kaisha. Nimeamua kuisimamia nyeusi. Si kwa ajili yangu. Ni kwa heshima yake.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Clara yupo. Mbuzi, ndizi, wageni. Jioni aliniona navaa sweta, akasema, "Mama, hebu inua mkono." Nikamwambia mimi si mgonjwa wake, abebe sahani.

Jumamosi, 6 Aprili

Majaribio ya kwanza. Nyeusi mkononi inapendeza, ukiitazama unajiamini. Nilipiga sita. Mbili zilienda vizuri, nyingine zilizama kwenye matope. Kwenye ardhi kavu zingebiringika hadi mbali. Sebastian kapiga kijivu tu, taratibu, huku anaugulia. "Jaribu hii, Mama Clara." Sikujaribu.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua wiki nzima. Barabara ya Mbulumbulu imekatika. Zipu tena.

Jumamosi, 20 Aprili

Ukungu umeshuka toka msitu wa Ngorongoro, mpira ukitoka huuoni unakoanguka. Kila mtu kasema kapiga vizuri.

Ijumaa, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

Wilibrodi kapanga mchezo wa kirafiki wa kujaribu jozi. Mimi na Yohani, Sebastian na Wilibrodi. Yohani kanichukulia begi, kanifungulia mwavuli, "Shikamoo mama, tuwaonyeshe hawa madingi." Kijana ana adabu ya mjini, lakini ni adabu. Mipira yake inapita juu ya kahawa hadi unasahau kuifuata kwa macho.

Kwenye korongo nilipiga nyeusi. Ikaingia. Yohani akasema, "Bahati mbaya tu, mama, upepo huo." Na kweli kulikuwa na upepo. Wao wakatushinda kwa mbali. Wilibrodi alikuwa anafuta miwani. Nadhani kaona jinsi Sebastian anavyotembea.

Usiku sikulalia ubavu wa kulia.

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumegombana mbele ya watu, jambo ambalo hatujawahi kufanya hata kwenye mazishi.

Ilikuwa shimo la tisa. Nilishika nyeusi. Sebastian akaja, akanitoa ile fimbo mkononi polepole, akanipa ya kijivu. Mbele ya Yohani, mbele ya Wilibrodi, mbele ya wabeba begi wote.

"Baba Clara, usiniletee mgongo wako mimi. Kama umekwisha, sema umekwisha, watu wajipange."

Hata wale wachuma kahawa upande wa pili nilidhani wamesikia. Sebastian kanitazama kama mtu anayetafuta neno kwenye Kiswahili akakuta lipo kwenye Kiiraki cha kwao tu, kisha akasema, "Haya. Piga unayotaka."

Nikapiga nyeusi. Sitaandika ilipokwenda.

Jumanne, 7 Mei

Hatusemeshani sana. Kakamua ng'ombe, kaleta maziwa, kanifunga kilemba asubuhi kwa sababu nilikuwa na haraka. Hajanuna. Afadhali angenuna.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefanya. Nilimwita Wilibrodi pembeni, nyuma ya kile kibanda tunachokiita klabu, nikamwambia, "Mwalimu, lile jambo la jozi nimekubali. Sebastian apumzike."

Akanitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Nani apumzike, mama?"

"Sebastian. Mimi nitacheza na Yohani."

"Ahaa." Akaangalia matope. "Ahaa. Sawa, mama. Tutaongea."

"Si ndiyo ulichotaka?"

"Tutaongea, mama. Mvua hii, naona itaendelea."

Nilitegemea afurahi. Nimerudi nyumbani na uchungu mdomoni. Nimempikia Sebastian ndizi nyama, akala zote, akasema leo nimeweka chumvi vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Ngoja niandike polepole, kwa mpangilio.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuburuta gunia kwenye brauni ya tisa. Nilipanga kwenda jioni, lakini dukani hapakuwa na watu kwa sababu ya ukungu, nikaenda mapema. Nilipita njia ya kwenye kahawa. Nikasikia mtu anapiga mipira ng'ambo ya korongo. Nilisimama, na ukungu ulipojisogeza nikaona ni Sebastian, peke yake, na fimbo mbili zimelala chini.

Alipiga nyeusi. Mpira ulitoka kama zamani, ukavuka korongo, ukanipita juu, ukaanguka nyuma yangu karibu na mchanga. Akapiga mwingine. Ukavuka. Mwingine. Ukavuka. Halafu akainama kuokota kijiti cha kuwekea mpira, bila kushika kiuno, akainuka kama kijana. Nilifurahi mpaka nikataka kumwita. Mume wangu mzima kabisa! Kisha nikajiuliza, huu mgongo gani unaouma Jumamosi tu?

Ndipo akachukua ya kijivu. Akasimama. Akasogeza miguu karibu karibu, tofauti na anavyosimama yeye. Akainua fimbo, na mkono wa kulia ukapanda hadi usawa wa sikio ukakwama hapo, akazungusha kiuno haraka kufidia. Mpira ukatoka kwa nguvu ndogo kuliko zake, ukapanda, ukaanguka ukingoni upande wangu. Ulivuka kwa shida. Akarudia vile vile. Mmoja ukaingia. Akasogeza mpira mbele kidogo, akarudia, ukavuka.

Mwanzoni nilidhani anamkejeli mtu. Lakini mtu hakejeli peke yake kwenye ukungu. Nikamtazama tena, ile miguu ya karibu, ule mkono unaokwama. Nilimjua. Ni mimi yule.

Alikuwa anajaribu kama ya kijivu itanivusha.

Sikuburuta gunia. Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango wa chumbani, nimesimama mbele ya kioo na kuinua mkono wa kulia. Unafika sikioni, halafu unagoma, na nikiulazimisha machozi yanatoka yenyewe. Nimeinua wa kushoto. Unafika juu bila neno.

Nimekasirika kuliko nilivyohuzunika. Zipu. Kilemba. Rafu za Selina. Clara na "inua mkono". Yohani na upepo wake. Wote wanajua, mji mzima unajua, na hakuna hata mmoja aliyenifungulia mdomo. Kumbe nyani ni mimi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda kwa Wilibrodi asubuhi kabla ya kufungua duka. Sikukaa, sikunywa chai.

"Mwalimu, siku ile ya Machi, ulitaka nani acheze na Yohani?"

Maskini, jasho lilimtoka na baridi yote ile. "Mama Clara, mtu mzima haambiwi..."

"Nani?"

"Mzee Sebastian."

"Ulimwambia?"

"Nilianza kwake. Kabla yako. Alikataa. Alisema begi lake ni moja. Nikaona labda wewe, ukielewa mwenyewe, utamwachia kwa hiari. Nikaja, nikasema kwa adabu. Ukasema utafikiria, nikamshukuru Mungu."

"Na Jumamosi nilipokuambia Sebastian apumzike?"

"Nilikosa pa kuangalia, mama."

"Umemwambia?"

Akavua miwani kuifuta, na mwalimu akifuta miwani jibu lake ni moja.

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa huu. Tukimheshimu mtu tunamzungushia maneno mpaka anayavaa kama kanga ya mwenzake na kutoka nayo barabarani. Lakini sina haki ya kumlaumu Wilibrodi. Yeye alizunguka. Mimi nilisema moja kwa moja, na nikasema uongo.

Kwa hiyo mambo ni haya: mume wangu aliambiwa aniache akakataa, na mimi niliambiwa nimwache nikakubali. Anajua, na tangu Jumamosi kanifunga zipu na kilemba na kula ndizi zangu.

Jumamosi, 18 Mei

Kwetu Kibosho, aliyekukosea akikuletea jani la isale, huwezi kusema hapana. Uwe na hasira kiasi gani, ukishaliona jani mbele yako umesamehe; ukikataa, kosa linahamia kwako. Hata kesi za vihamba, yale mashamba ya ukoo, zilizokula ng'ombe na miaka zimemalizwa na jani hilo. Tulipojenga hapa nilileta miche toka kwa baba yangu nikaipanda mpakani, na majirani wakacheka kwamba Mchaga hawezi kulala bila uzio wa isale.

Leo kulipopambazuka nilijifunga kanga, nikachukua kisu, nikatoka kwenye manyunyu. Nikafika kwenye mche mzuri wa pembeni. Nilikuta jani moja limeshakatwa. Utomvu bado mbichi.

Nikakata langu, nikarudi.

Alikuwa kwenye kiti cha jikoni, buti zina matope, draiva ya kijivu imelala magotini mwake. Kwenye shingo ya fimbo kafunga jani la isale. Kalifunga fundo la kufungia ndama, fundo ambalo hakuna Mchaga angelifunga.

"Mama Clara," alisema, "nimekudanganya miezi mitatu. Mgongo wangu hauna kitu."

"Najua. Nilikuona juzi."

"Nilijua ukisikia bega hutacheza tena. Ungesema umeisha, ungetundika fimbo. Nakujua. Nikaona bora waseme ni mimi."

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe?" Akacheka kidogo. "Nani amewahi?"

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa. Nililia nimesimama na kisu mkononi. Kisha nikamweleza nililomwambia Wilibrodi, neno kwa neno.

"Najua," akasema.

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nikampa jani langu. Yeye ni Mwiraki, hakuzaliwa nalo, lakini miaka ishirini na saba mezani kwangu imemfundisha. Akalipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo na mimi sikuweza kulikataa lake, wala fimbo iliyokuwa nalo.

"Sasa wewe utaipigaje hii?" nikamuuliza. "Laini hivi, na mikono yako hiyo."

"Mwenye nguvu anaweza kujifunza fimbo laini. Asiye na nguvu hawezi kujifunza ngumu. Thomasi alinieleza hivyo siku ile ile ya kwanza."

Nimemwuliza kwa nini hakuniletea maneno hayo Machi. Kasema aliyaleta, nikayaita ya akina mama.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemwandikia Clara aniulizie daktari wa mifupa. Dukani nimemwambia Selina rafu ziko vizuri.

Jumamosi, 25 Mei

Ya kijivu. Nimeipiga asubuhi nzima. Mpira unapanda kabla hujaamua. Bega linauma lakini haligombani nami. Sebastian anahangaika nayo zaidi yangu: akijisahau na kupiga kwa nguvu, ule mpini unachelewa kisha unafunga, na mpira unakata kushoto. Ikikosea, hivyo ndivyo inavyokosea. Nyeusi imerudi Arusha na basi la mchana.

Wilibrodi kaandika jozi mbili za klabu. Sisi, na Yohani na Wilibrodi mwenyewe. Mtu mzima wa kumtuliza kapatikana.

Jumamosi, 1 Juni

Kombe.

Ukungu hadi saa tatu, kisha jua dogo. Matope mekundu kila mahali. Jozi kumi, wengi toka Arusha, wenye viatu vyeupe ambavyo havikubaki vyeupe. Shimo la kwanza nilipotoa ya kijivu mmoja wao alitabasamu. Nilimwona, nikapiga, na mpira ukaenda katikati.

Tulicheza vizuri bila mbwembwe. Ya kijivu iliniweka njiani kila shimo. Sebastian alipiga taratibu, anahesabu moyoni, midomo inacheza.

Korongo la kwanza. Yohani na Wilibrodi, waliokuwa kundi letu, walikuwa wameshavuka. Nilisogeza mpira mbele kidogo, kama nilivyomwona yeye akifanya kwenye ukungu. Mkono ukapanda hadi sikioni, ukakwama, nikauacha hapo. Nikazungusha. Mpira ulipanda, nikasubiri, nikasubiri, ukaanguka ng'ambo, si mbali na ukingo. Yohani akapiga mluzi. Miezi mitatu sikuwa nimevuka. Nilijua sasa kwamba ni miezi mitatu, maana nimerudi nyuma kwenye daftari hili na kuhesabu upepo wangu wote na mipira yangu yote ya zamani.

Tukafika la kumi na nane, ambalo ni korongo lile lile. Sisi na kina Yohani tulikuwa sawa, na wageni wote nyuma. Yohani alikuwa ameshavuka. Ikawa zamu ya Sebastian.

Angekuwa na nyeusi angevuka huku anaongea. Nilijua mimi, alijua yeye, na Wilibrodi alijua. Alisimama, akainua, na katikati ya pigo mikono ikakumbuka ujana. Mpini ukachelewa, ukafunga. Mpira ulikata kushoto, ukazama korongoni.

Hakushika kiuno. Alinitazama tu.

Sheria inataka pigo la adhabu, na linalofuata ni la mwenzake, toka upande huu huu. Akanipa fimbo. Hata upepo ulikuwa umetulia, nisingekuwa na wa kumsingizia. Nikapiga. Ukavuka, tena mbali kuliko asubuhi. Sebastian akaushusha kwenye mchanga, nikaumalizia shimoni.

Tumeshindwa kwa pigo moja. Yohani kaniinamia, kanishika mkono kwa mikono yake miwili, "Mama, wewe ni noma." Wilibrodi kalipokea kombe huku anatutazama kama mtu aliyeiba kuku.

Njiani Sebastian alibeba begi. Akasema, "Ni langu lile."

"Lipi?"

"Pigo. Ningekuwa na nyeusi..."

"Ungevuka," nikasema. "Na mimi asubuhi nisingevuka. Tungeshindwa pale pale la tisa, na mimi ningesema ni upepo."

Akafikiri hadi tukafika kwenye lango. Kisha akasema mwakani atakuwa ameizoea.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha, naona. Anga jeupe hadi ukingo wa kreta. Mkono leo hauendi popote, ni gharama ya jana. Wakati wa kuvaa Sebastian alikuwa nje anafunga ndama. Nikatoka mlangoni na gauni likiwa wazi mgongoni, jirani akiwa anapita, nikamwita, "Baba Clara, njoo unifunge zipu, mkono wangu haufiki."